Utabiri wa Wiki Moja Milimani: Tuujue Mlima Kwanza

Kila mwaka, mvua za vuli zinapoelekea ukingoni katika miezi ya Novemba na Desemba, lawama moja husikika katika nchi yetu. Watu husema kwamba wataalamu wa hali ya hewa si wa kuaminiwa: walitangaza mvua kubwa katika nyanda za juu za kaskazini mashariki, na kumbe kijijini kwetu halikudondoka hata tone, au walitangaza mvua za wastani, na kumbe mto umefurika na kuondoka na daraja. Lawama hizi hutolewa zaidi na wakazi wa milimani kuliko wa mahali pengine po pote, na si ajabu, kwani wao ndio hasa wanaoona utabiri mmoja ukitimia ng'ambo hii ya bonde na kukosea ng'ambo ile.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba lawama hizo zimeelekezwa pasipo pake. Utabiri wa wiki moja, katika nchi ya milima, ni nusu tu ya maarifa yanayohitajiwa na mwananchi. Nusu ya pili ni kuujua mlima wenyewe, na nusu hii haiwezi kuletwa na redio wala kukokotolewa na kompyuta iliyoko mbali. Hupatikana pale pale mlimani, kwa kupima na kuandika, na mahali panapofaa zaidi kwa kazi hiyo ni shule ya sekondari. Kwa bahati mbaya shule zetu bado hazijaishika kazi hiyo ipasavyo, ingawa zinafundisha karibu kila kanuni inayohitajiwa.

UTABIRI SI RAMLI

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Katika lugha yetu "kutabiri" ni neno lenye harufu ya ndoto na nyota. Mtabiri ni mtu aliyefunuliwa yaliyofichika. Mtaalamu wa hali ya hewa hafunuliwi kitu. Yeye huanza na hali ya hewa jinsi ilivyo sasa, yaani joto, kanieneo, unyevu na upepo, chini ardhini na juu angani. Kisha kompyuta hukokotoa, kwa kanuni zile zile za fizikia zinazofundishwa darasani, hali hiyo itakuwaje baada ya dakika chache, na baada ya dakika nyingine chache, na kuendelea hivyo hata siku 7 au 10 zitimie. Huo ndio utabiri wa kisasa: ni hesabu ndefu sana.

Lakini hesabu hii ina mpaka wake. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Marekani, Edward Lorenz, alionyesha kwamba katika mwendo wa hewa kosa dogo mno la mwanzo hukua siku hata siku, hata mwishowe hesabu mbili zilizoanza karibu sawasawa zikatoa majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. Na kosa la mwanzo haliepukiki, maana hakuna awezaye kupima kila upepo upitao juu ya kila kilima na kila bahari. Kwa sababu hiyo utabiri wa siku kwa siku hautazamiwi kuvuka muda wa wiki mbili hivi, hata vyombo vikiwa bora namna gani.

Wataalamu walipotambua hivyo hawakukata tamaa, bali walibadili njia. Badala ya kufanya hesabu moja, hufanya nyingi. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa kipindi cha kati, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimekuwa kikifanya hivyo tangu mwaka 1992. Hesabu zake sasa ni 51, na kila moja huanza na tofauti ndogo ya makusudi. Ikiwa hesabu 46 kati ya hizo zinasema kwamba mvua itanyesha siku ya Alhamisi, basi uwezekano wa mvua ni asilimia 90 hivi. Ikiwa ni 17 tu zinazosema hivyo, uwezekano ni theluthi moja. Asilimia hiyo, basi, si kauli ya mtu mwenye mashaka anayejitafutia pa kuponea. Ni kipimo cha ujuzi wetu, nacho ni kipimo cha kweli kuliko neno "itanyesha" au "haitanyesha".

Je, njia hiyo imefaulu? Katika nchi za kaskazini ya dunia imefaulu sana: kwa kadiri ya muongo mmoja utabiri umepiga hatua ya siku moja, yaani utabiri wa siku 6 umekuwa mzuri kama ulivyokuwa ule wa siku 5 miaka 10 iliyotangulia. Katika nchi za tropiki kama yetu maendeleo yamekuwa madogo zaidi. Mvua yetu nyingi hutoka katika mawingu yanayojijenga kwa saa chache juu ya eneo dogo, na tena vituo vya kupima hewa ya juu katika Afrika ni vichache. Hiyo ni sababu moja ya sisi kuhitaji ujuzi wa mahali kuliko wao.

WIKI YA NOVEMBA KATIKA ALPS

Ili tuone mlima unavyoutenda utabiri, na tuiangalie milima ambayo imepimwa kwa muda mrefu na kwa uangalifu mkubwa. Hiyo ni milima ya Alps, katikati ya Ulaya. Juu ya kilele cha Säntis, huko Uswisi, hali ya hewa imepimwa tangu mwaka 1882. Na juu ya Sonnblick, huko Austria, kwenye kimo cha meta 3,106, tangu mwaka 1886. Wanafunzi wetu nao wanaijua milima hiyo kwa jina, kwa kuwa imo katika vitabu vyao vya jiografia.

Tuchague mwezi wa Novemba, mwisho wa majira ya kupukutika kwa majani. Wafasiri wengine huyaita majira hayo "vuli" kwa sababu yanaangukia miezi ya vuli yetu. Tafsiri hiyo inaweza kumpoteza mwanafunzi. Vuli yetu ni mvua. Majira yao ni kipindi cha jua kupungua, usiku kurefuka na theluji kuanza kushuka kutoka vileleni. Basi tufuate wiki moja ya mfano, ya namna ionekanayo huko mara nyingi katika Novemba.

Jumatatu na Jumanne kanieneo ni kubwa na hewa imetulia. Usiku ni mrefu, ardhi inapoteza joto lake, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kujaa mabondeni kama maji yajaavyo bakuli. Ukungu mzito unafunika nchi ya chini hadi kimo cha meta 800 au 1,000. Katika mji ulioko bondeni joto ni nyuzi 3 tu, na jua halionekani mchana kutwa. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye kimo cha meta 1,500, anga ni safi, jua linawaka, na joto linafika nyuzi 10. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "hewa hupoa kadiri tupandavyo" hapa anakuta kinyume chake. Na mtabiri aliyesema "kutakuwa na jua" amesema kweli kwa mtu wa juu, na kwa mtu wa chini ameonekana mwongo.

Jumatano na Alhamisi hali inageuka. Eneo la kanieneo ndogo linakaribia kutoka bahari ya Atlantiki, na upepo unaanza kuvuma kutoka kusini. Bahari ya Mediterania bado ina joto la kiangazi, kwa hiyo upepo huo unachukua mvuke mwingi na kuugonganisha na ukuta wa milima. Katika mabonde ya kusini, upande wa Ticino na Italia ya kaskazini, mvua inanyesha siku mbili bila kukoma. Kaskazini ya milima hiyo hiyo hakuna mvua. Huko unashuka upepo wa joto, mkavu na wa nguvu, ambao wenyeji wanauita Föhn, nao unayeyusha theluji kwa muda wa saa chache.

Hesabu yake ni nyepesi. Hewa ambayo mvuke wake haujageuka kuwa matone hupoa kwa nyuzi 10 hivi kila ipandapo meta 1,000. Mvuke ukianza kugeuka kuwa matone, joto lililojificha ndani yake huachiliwa, na hewa hiyo hupoa kwa nyuzi 6 hivi tu. Tuseme hewa inaanza kupanda upande wa kusini kwenye kimo cha meta 300, ikiwa na nyuzi 12. Mawingu yanaanza kwenye meta 800, ambapo joto limeshuka hadi nyuzi 7. Kutoka hapo hadi mgongo wa mlima, kwenye meta 2,800, hewa inapoteza nyuzi 12 zaidi na kufikia nyuzi 5 chini ya sufuri. Baada ya kumwaga maji yake inateremka kaskazini ikiwa kavu, ikiongeza nyuzi 10 kwa kila meta 1,000. Ikifika tena kwenye meta 300 imekwisha kuwa na nyuzi 20, yaani nyuzi 8 zaidi ya ilivyoanza. Watafiti wameongeza kwamba Föhn nyingine hutokea bila mvua ya kusini: hewa ya chini hukwama nyuma ya mlima, na ile ya juu tu ndiyo ivukayo na kuteremka. Mwalimu afundishe mambo yote mawili.

Ijumaa na Jumamosi upepo unageuka tena na kuvuma kutoka kaskazini magharibi, ukileta hewa ya baridi. Sasa upande wa kaskazini ndio unaonyeshewa, na upande wa kusini ndio wenye anga safi. Swali la kila mtu ni hili: theluji itashuka hadi kimo gani? Kwa kawaida theluji hudumu hadi meta 300 hivi chini ya kimo chenye joto la sufuri. Lakini katika bonde jembamba theluji inayoyeyuka huipoza hewa iliyofungiwa humo, na mpaka wa theluji unaweza kushuka hadi chini kabisa, ilhali katika bonde pana la jirani inanyesha mvua tu. Tofauti ya nyuzi 1 au 2 huamua kama barabara italowa tu au itafungwa.

Sasa ndugu msomaji ajiulize: kwa wiki hiyo, ni sentensi gani moja ambayo ingekuwa kweli kwa milima yote ya Alps? Hakuna. Kompyuta yenyewe haiuoni mlima kama wenyeji wanavyouona. Kituo cha Ulaya nilichokitaja hugawanya dunia katika miraba yenye upana wa kilometa 9 hivi. Ndani ya mraba kama huo bonde lenye upana wa kilometa 2 hupotea, na kilele kilichochongoka husawazishwa kuwa kilima. Uswisi hutumia kwa nchi yake miraba ya kilometa 1 hivi, na hata hivyo watabiri wake hutaja upande wa mlima, kimo, na uwezekano. Wananchi nao wamefundishwa kuusikiliza utabiri namna hiyo.

Faida ya mafunzo hayo imekwisha kuonekana. Mwanzoni mwa Novemba 1966 mvua kubwa iliipiga Italia; ziliathirika Florence, na pia wilaya za milimani za Trentino na Veneto. Watu zaidi ya 100 walikufa katika nchi hiyo. Mwishoni mwa Oktoba 2018 tufani iliyopewa jina la Vaia ilileta katika milima hiyo ya kaskazini mashariki mvua za kulinganishwa na zile za 1966, pamoja na upepo ulioangusha mamilioni ya miti. Safari hii utabiri ulikuwa umetolewa siku kadhaa mbele, shule zilifungwa, na watu walikaa mbali na mito. Vifo vilikuwepo, lakini vilikuwa vichache mno vikilinganishwa na vile vya 1966. Kilichookoa maisha ni utabiri uliosikika na kueleweka.

TUNAKARIRI FÖHN, HATUIJUI SAME

Turudi nyumbani. Katika shule zetu mwanafunzi wa jiografia huulizwa aeleze upepo wa Föhn. Huchora mlima, hutia mishale, huandika "mvua" upande mmoja na "kivuli cha mvua" upande wa pili, naye hupata alama zake. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo, aliyekulia Same, kwa nini mji wake ni mkavu ilhali ng'ambo ya pili ya milima ya Upare wa Kusini migomba inastawi. Aghalabu atanyamaza, au atajibu kwamba ndivyo Mungu alivyopanga. Mchoro aliouchora ni mchoro wa nyumbani kwake, ila haujui.

Mifano yetu ni mingi. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimeta 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa kuwa milima hiyo ndiyo ya kwanza kupokea upepo wa bahari. Same, nyuma ya Upare, haifikishi milimeta 700. Mtu asafiriye kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda kutoka nchi ya mikonge na vichaka hadi nchi ya mboga na miti ya matunda, na safari yenyewe haijazi asubuhi moja. Kilimanjaro, upande wa kusini una maji kuliko upande wa kaskazini.

Tena vuli ina jambo lake la pekee, ambalo mchoro wa kitabuni hauonyeshi. Ni wakati ambapo kusi imekwisha choka na kaskazi inaanza kushika. Upepo unapogeuka, upande unaokabili mvua nao hugeuka. Ndiyo maana baadhi ya miteremko ya mashariki na kaskazini ya Kilimanjaro huitegemea vuli kuliko miteremko ya kusini, ambayo tegemeo lake kubwa ni masika. Katika wiki moja ya mwisho wa Novemba upepo unaweza kuanza upande mmoja na kuishia mwingine, na kijiji kilichozoea kuwa kivulini kikajikuta ndicho kinachonyeshewa. Utabiri usemao "mvua katika mkoa wa Kilimanjaro" hauwezi kubainisha hayo. Mkoa ni mpaka wa utawala, na wingu haliujui.

Ni kweli kwamba wakulima wazee wanazo dalili zao: wingu linavyokaa juu ya kilele, upepo wa alfajiri unavyovuma, ndege na wadudu wanavyofanya. Sizidharau dalili hizo. Nyingine ni matokeo ya uchunguzi wa vizazi vingi. Lakini dalili isiyoandikwa haihesabiki. Hatujui mara ngapi ilitimia na mara ngapi ilikosea, kwa kuwa binadamu hukumbuka ile iliyotimia na kuisahau ile iliyokosea. Zikiandikwa kando ya vipimo, zitajitenga zenyewe, za kweli na za kubahatisha.

GHARAMA YA KUTOUJUA MLIMA

Haya si mambo ya mtihani tu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang, ambao kilele chake kina meta 3,420, yakaufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa miamba walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi hata ikameguka. Mwaka huo kulikuwa na El Niño, na bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida. Utabiri wa msimu uliotolewa mwezi Agosti ulikuwa umetangaza vuli ya kupita wastani katika maeneo mengi. Msimu, basi, ulitabirika. Kilichokuwa nje ya uwezo wa utabiri huo ni kutaja mteremko na saa.

Wala Hanang si peke yake. Novemba 2019, katika West Pokot nchini Kenya, maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 50. Novemba 2024, katika wilaya ya Bulambuli nchini Uganda, kwenye miteremko ya mlima Elgon, nyumba na watu walifukiwa. Yote hayo ni majanga ya mwisho wa vuli, yote ni ya milimani, na yote yalitanguliwa na mvua ambayo udongo ulikwisha kuinywa kabla ya ile ya mwisho kunyesha.

Hilo la mwisho ndilo la kuzingatiwa. Mvua ya milimeta 1 ni lita 1 ya maji kwa kila meta mraba. Mvua ya milimeta 50 juu ya hekta moja ni lita 500,000, yaani tani 500. Juu ya mteremko wa kilometa mraba moja ni tani 50,000. Mteremko uliokauka unaweza kuzipokea tani hizo. Mteremko uliokwisha kunywa milimeta 200 katika siku 10 zilizopita huenda usiweze. Utabiri wa wiki ijayo unatuambia kitakachoongezwa. Kilichokwisha kuingia ardhini kinajulikana na yule tu aliyekipima. Sidai kwamba kipimamvua kimoja kingewaokoa watu wa Katesh. Ninachodai ni kwamba mlima usio na kumbukumbu hauna wa kuuonya.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, kila shule ya sekondari iliyoko milimani iwe na kipimamvua, na kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, saa ile ile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa, siku za likizo zikiwemo. Nitaambiwa kwamba fedha hakuna. Lakini kopo lililonyooka kutoka mdomoni hadi kitakoni, rula ya milimeta, na daftari vinatosha kuanzia, kwa kuwa kina cha maji katika kopo la namna hiyo ni sawa na kina cha mvua iliyonyesha, liwe kopo jembamba au pana. Liwekwe uwanjani, mbali na miti na majengo kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Chombo bora kitafuata baadaye. Tabia ya kupima haina budi kutangulia.

Pili, somo la uwezekano, ambalo limo katika hisabati za sekondari, lifundishwe kwa utabiri wa hali ya hewa, si kwa sarafu na dadu peke yake. Mwanafunzi aandike utabiri wa kila siku upande mmoja wa ukurasa, na kilichotokea upande wa pili. Baada ya msimu mmoja ahesabu: katika siku zote zilizotabiriwa mvua kwa uwezekano mkubwa, ni ngapi zilizonyesha kweli? Hapo atagundua kwamba utabiri wa asilimia 70 hauwezi kuhukumiwa kwa siku moja. Ukitolewa mara 10 na mvua ikanyesha mara 7, ulikuwa sahihi, hata kwa zile siku 3 zilizokuwa kavu.

Wapo wasemao kwamba asilimia zitawachanganya wananchi, na kwamba mkulima anataka aambiwe ndiyo au siyo. Siafikiani nao. Mkulima hupima uwezekano kila siku ya maisha yake. Mwenye kahawa inayoanikwa katika Novemba anajua kwamba kuifunika kunamgharimu kazi kidogo, na kuiacha ilowe kunamgharimu mara tano zaidi. Kwa mtu huyo, uwezekano wa mvua ukizidi moja katika tano, kuifunika ni busara, hata kama siku nyingi atafunika bure. Na mwenye nyumba chini ya genge lililolowa, ambaye gharama yake ni kulala usiku mmoja kwa ndugu na hasara yake ni roho za watoto, ana sababu ya kuondoka hata uwezekano ukiwa mdogo kuliko huo. Mtu aliyeambiwa tu "haitanyesha" amenyimwa nafasi ya kupima.

Tatu, wataalamu nao wana wajibu wao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja katika maonyo yake uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake, na huyapanga katika ngazi za angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Hiyo ni hatua nzuri. Inayofuata iwe kutaja miteremko na vimo panapohusika milima, na kupokea vipimo vya shule zitakazoonyesha uangalifu. Vipimo vya wanafunzi vitakuwa na makosa, bila shaka. Lakini mahali pasipo na kipimo kabisa, kipimo chenye kosa dogo ni mali.

Nne, watunga mitihani wabadili swali. Badala ya "Eleza upepo wa Föhn", waulize: "Upepo ukivuma kutoka kaskazini mashariki wiki nzima, ni upande gani wa mlima ulio karibu na shule yako utakaopata mvua, na kwa nini?" Swali hilo halina jibu la kukariri. Mwanafunzi atakayelijibu atakuwa ameielewa Föhn pia, na mwalimu atakayelisahihisha hatakuwa na budi kutoka nje ya darasa na kuutazama mlima.

Ndugu walimu na wanafunzi, wiki ijayo utatolewa utabiri kama kawaida. Msiuamini kama kauli ya mganga, wala msiudharau kama uzushi. Ulizeni unahusu kimo gani, upande upi, na uwezekano kiasi gani; kisha tazameni daftari lenu mwone mteremko wenu umekwisha kunywa maji kiasi gani. Kama daftari hilo halipo, lianzeni sasa, msingoje mwaka mpya wa masomo. Vuli ya mwaka huu haitarudi kupimwa tena, na kila siku isiyoandikwa ni siku ambayo hata kompyuta kubwa kuliko zote duniani haitaweza kuturudishia.